Msimlaani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii tuwatafakari vijana wanaolala nje hapa Unguja, kwenye vibaraza vya maduka na pembezoni mwa masoko, na jambo moja ambalo sisi wapita njia hatulioni: wengi wa wale wanaotumia dawa za kulevya wanaichukia sindano kama tunavyoichukia sisi. Anayevuta kokteli, yaani unga (heroini) uliochanganywa na bangi, humwona anayejidunga kuwa ndiye aliyekwisha, na yeye hujihesabu kuwa bado ana heshima yake. Ndani ya dharau hiyo mna khofu ya kweli, khofu ya majipu, ya kufa ghafla, ya Ukimwi na homa ya ini vinavyoenea kwa kuchangia sindano.

Kwa nini basi baadhi yao huuvuka mpaka waliouweka wenyewe? Mara nyingi si kwa kubadili mawazo. Unga unaovutwa sehemu yake hupotea na moshi, ilhali unaodungwa huingia wote katika damu. Siku pesa zinapopungua, arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ikaanza kumkata tumbo na kumuuma mifupa, na mwenzake wa kibarazani ana bomba la sindano tayari, chuki ya jana haimzuii. Aliyekuwa akidharau sasa anadharauliwa, naye hujificha kwa aibu, nasi tunamwongezea kwa kumwita teja mbele ya watoto.

Sisemi haya kuhalalisha. Ulevi ni haramu, na Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu. Lakini imepokewa na Bukhari kwamba mtu aitwaye Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.), aliadhibiwa kwa kunywa pombe, kisha akaletwa tena kwa kosa lile lile. Mmoja wa waliokuwepo alipomlaani kwa wingi wa kuletwa kwake, Mtume alisema: "Msimlaani, kwani Wallahi nijuavyo mimi, anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake." Adhabu haikuondolewa, kilichokatazwa ni laana.

Tangu mwaka 2015 wanaotaka kuacha wanapata methadoni katika hospitali ya Kidongo Chekundu, dawa ya kutuliza arosto ambayo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kijana mwenye mama wa kumwamsha hufika kwa wepesi kuliko aliyefukuzwa kibarazani usiku wa manane. Watu wa Suffa, maswahaba maskini akiwemo Abu Huraira, waliishi katika msikiti wa Mtume kwa kuwa hawakuwa na makazi. Misikiti yetu mingi hufungwa baada ya Isha, na sababu zake zinaeleweka (viatu na vipaza sauti huibiwa). Hata hivyo, kamati zetu zinaweza kuzungumza Ijumaa hii kama mfereji na choo vya nje vibaki wazi alfajiri, ili anayekwenda kliniki aweze kuoga kwanza.