Nilivyoondoa ukungu mweupe ndani ya chombo cha maua cha kioo

Nina chombo cha maua cha kioo chenye matabaka mawili ya rangi, kwa mtindo uliompa sifa Émile Gallé, msanii wa vioo wa Nancy, Ufaransa. Tabaka la nje, la zambarau, limeliwa kwa asidi na kuchongwa mpaka wakabaki kereng'ende na mayungiyungi juu ya njano iliyofifia. Kazi nzuri kweli! Lakini maji ya kisima yalikiachia ukungu mweupe ndani, na shingo yake ni nyembamba, hata vidole viwili havipiti.

Kwanza nilitaka kujua kama ni chokaa au ni kioo chenyewe kimelika, maana kioo kilicholika hakiponi kwa siki. Nikafunga pamba kwenye kijiti cha mshikaki, nikaichovya kwenye siki nyeupe, nikasugua sehemu ndogo. Ilipopita pamba, kioo kiling'aa hata kilipokauka. Chokaa.

Nikajaza siki mpaka juu ya ukungu, nikaiacha usiku kucha. Maji ya moto usithubutu: joto la ghafla hupasua kioo, hasa cha matabaka. Asubuhi nikamwaga nusu, nikatia konzi ya mchele mkavu, nikazungusha taratibu. Mchele hufika kwenye kona zisizofikiwa na brashi, wala haukwaruzi kama mchanga. Nikasuuza kwa maji ya mvua, ambayo hayana chokaa, nikakiinamisha juu ya taulo nene.

Siku hizi nikiweka maua humo, natumia maji ya mvua tu, na nayamwaga kabla hayajakauka.