Joka la rezini, vanishi nyeupe na unyevu wa Kampala

Kila nilipouliza kwa nini vanishi hugeuka nyeupe juu ya sanamu, jibu lilikuwa lile lile: rangi yako ni rahisi, nunua ya ghali. Upuuzi. Rangi ya ghali ukiipuliza Kampala saa moja asubuhi baada ya mvua ya usiku itageuka nyeupe vilevile, tena itakuuma zaidi. Joka ninalolieleza hapa ni la rezini, plastiki ya kumimina kwenye kalibu, urefu kama sentimita 35, mabawa yamekunjuliwa. Nimelipaka rangi za akriliki za kawaida kabisa na ngozi yake haina doa. Najisifu, ndiyo.

Matatizo mengi ya juu huanzia chini. Rezini hutoka kwenye kalibu na mafuta ya silikoni ambayo jicho halioni, na rangi haishiki juu yake. Sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, mswaki wa zamani, halafu rudia, hasa katikati ya magamba. Bawa lililopinda liloweke kwenye maji yaliyochemka kisha yakaachwa dakika tatu nne, likunje taratibu, lishikilie hapo, litumbukize kwenye maji baridi. Usilazimishe likiwa baridi, litavunjika. Msasa ni wa maji: namba 240, kisha 400, kisha 600. Vumbi la rezini halifai mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa hata kama msasa umelowa.

Vitundu vya mapovu nilivijaza kwa supagluu na poda ya mtoto. Wako wanaosema tumia magadi soda ya mapishi. Inafanya kazi, tena hukauka papo hapo, lakini huwa ngumu kuliko rezini yenyewe, na ukisugua unakula rezini ya pembeni huku kile kivimbe kikibaki kimesimama. Poda ni laini zaidi. Isugue siku hiyo hiyo.

Kwenye mabawa mazito, supagluu peke yake ni kujidanganya. Likigongwa kidogo linaachia. Dukani wanauza vijiti vya chuma vya kuungia kwa bei isiyo na aibu. Nenda kwa fundi baiskeli uombe spoki mbovu. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, ni chuma kizuri, na bei yake haifiki hata ya rolex moja, ile chapati ya mayai. Toboa kwa keekee nene kidogo kuliko spoki, kina cha sentimita moja na nusu kila upande. Ili matundu yakutane, toboa upande wa mwili kwanza, weka tone la rangi mbichi kwenye mdomo wa tundu, bandika bawa mahali pake, litoe. Alama iliyobaki ndiyo sehemu ya kutoboa.

Pengo la kwenye bega ndilo lililonipa raha kuliko kazi yote. Nilitaka bawa liwe la kuchomoa, lakini mshono usionekane. Nikapaka bawa vaselini nyembamba, nikaweka puti ya epoksi ya sehemu mbili kwenye mwili, nikalisukuma bawa ndani mpaka puti ikafinyika kutoka pembeni. Iliyozidi nikaichonga magamba kwa ncha ya sindano iliyoloweshwa maji. Puti ilipoanza kukaza nikalichomoa bawa taratibu, na tundu lililobaki lilikuwa na umbo lake kamili. Ukilirudisha, huwezi kupitisha hata karatasi. Baada ya hapo vaselini yote ioshwe kwa sabuni, la sivyo utakuwa umejipakia yale mafuta uliyotumia asubuhi nzima kuyaondoa. Kichwa na mkia nilivigundisha kwa Araldite, gundi ya epoksi, moja kwa moja.

Praima (rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine) ya kijivu, tabaka jembamba, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Kopo likiwa mbali zaidi, huku jua likiwa kali, rangi hukauka hewani na kutua kama vumbi. Uso unakwaruza kama msasa, na hakuna vanishi itakayouficha. Ukikutana na hali hiyo, sugua kwa msasa wa 1000 na maji, pulizia upya. Kabla ya rangi yoyote, bandika tepu ya karatasi juu ya praima iliyokauka usiku mzima, kisha ing'oe kwa nguvu. Ikitoka na praima, hapo pana mafuta. Usipake juu yake. Ondoa praima ya eneo hilo kwa spiriti na mswaki, osha, lainisha kingo kwa msasa, pulizia tena. Anayekwambia utumie asetoni ya kuondolea rangi ya kucha hajawahi kuona rezini ikilainika mikononi mwake.

Eabrashi yangu, brashi inayopuliza rangi kwa hewa, ina mdomo wa milimita 0.4, rangi inazimuliwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, shinikizo la hewa PSI 18 hadi 20. Kichujio cha maji cha kompresa kimwagwe kila mara, maana hewa yetu ina maji mengi, na tone moja likipita kwenye mpira linaacha jicho jeupe katikati ya bawa. Na umeme? Tangi la lita 3 linakupa dakika moja hivi baada ya umeme kukatika. Kwa hiyo nina spea tairi ya gari ndogo, imejazwa PSI 40 kwa fundi wa pancha, na mpira wenye kichwa cha pampu kinachojifunga, vya soko la Kisekka, vimeunganishwa kwenye regileta, kile kidhibiti cha hewa. Dakika nne za hewa tulivu, bila mtetemo, bila kelele. Huwezi kupaka joka zima kwa tairi, ila unamaliza tabaka la vanishi ulilokwisha kulianza, na hilo tu ndilo ninalolitaka.

Ngozi ya mabawa ni pana na laini, na hapo ndipo rangi ya kivuli ya maji huacha pete za madoa kila inapokauka. Dawa yake ni kupaka kwanza vanishi ya kung'aa, kuiacha siku nzima, kisha kutumia rangi ya mafuta ya mirija, ile ya wanafunzi wa sanaa pale Makerere, iliyozimuliwa kwa waiti spiriti, moja kwa kumi. Haikauki haraka, kwa hiyo una nusu saa nzima ya kuifuta kwa sponji ya vipodozi, ukiacha rangi kwenye mikunjo tu. Kisha subiri siku mbili au tatu. Ukikimbilia vanishi kabla mafuta hayajakauka, utapata joka linalonata.

Sasa ule weupe. Vanishi ya mati, yaani isiyong'aa, huondoa mng'ao kwa sababu ina chembe ndogo sana zinazotawanya mwanga. Kiyeyusho kinapopaa hupoza uso, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hujitengeneza ndani ya vanishi isiyokauka na kuacha vishimo visivyoonekana. Mwanga unatawanyika kupita kiasi, na kijani chako kinageuka majivu. Tabaka nene huleta balaa lile lile, na pia chupa isiyotikiswa vizuri, kwani chembe hutulia chini na wewe unapuliza ule mwisho mzito.

Usiguse kitu kabla ya kupima. Dondosha tone la maji safi juu ya weupe. Rangi ikirudi chini ya tone, kisha weupe ukarejea maji yakikauka, furahi: ni vishimo, na vinajazika. Isiporudi, huenda ni vumbi la rangi iliyokauka hewani, na hilo ni la msasa.

Kila ninapopaka sanamu kubwa, vile vikia vya rezini vinavyokatwa kwenye maungio ya kalibu sivitupi. Navibandika kwenye kijiti, navipaka kila tabaka sambamba na sanamu. Kwa hiyo weupe ulipotokea bawani, ulitokea pia kwenye vikia, nami nikawa na uwanja wa kujaribia ushauri wa watu bila kumgusa joka. Thina ya magari, ambayo fundi mmoja aliniapia: vanishi, kivuli na kijani vyote viliyeyuka vikawa tope. Mafuta ya zeituni, ushauri wa zamani: weupe uliondoka kweli, lakini uso ulibaki na mafuta na vanishi nyingine haitashika. Vanishi ya kung'aa ya akriliki, iliyoongezwa maji kidogo, kwa brashi laini, tabaka jembamba: weupe ulizama na rangi ikarudi yote. Nikafanya hivyo hivyo kwenye joka, nikaacha usiku kucha, kisha mati mpya kwa eabrashi, matabaka mawili mepesi.

Saa ni muhimu kuliko chapa. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Asubuhi hapa huvuka 85 kwa mia bila shida. Mimi napuliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, kikiwa chini ya 65, na miezi ya Machi hadi Mei navumilia. Walio karibu na ziwa, upande wa Entebbe, wasipulize usiku wakiwa wamewasha taa, maana vile vidudu vya ziwa hufuata mwanga na vanishi mbichi ndiyo kitanda chao. Kikinasa, kiache. Kikikauka kitoe kwa kibano, sugua kwa 1000.

Macho, ulimi na ndani ya pua hupata vanishi ya kung'aa mwisho kabisa, kwa ncha ya brashi.

Kwenye taksi joka husafiri vipande vitatu: mwili umefungwa kwa skrubu kutoka chini ya ubao, mabawa yamelala pembeni kwenye sponji ya godoro. Weka karatasi laini katikati, maana sponji ikisuguana na mati njia nzima huacha sehemu zinazong'aa.