Kuisimamisha Oksijeni Kabla Haijawa Maji

Haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu juu ya kidonda, karibu yote hutengenezwa katika viwanda vikubwa kwa njia ya antrakwinoni (kampaundi ya kaboni), inayohitaji gesi ya haidrojeni na metali ya paladi, kisha husafirishwa ikiwa kali hadi kwa mtumiaji ambaye huizimua tena kwa maji. Ndiyo maana nimevutiwa na wazo la kuitengeneza papo hapo, kwa hewa, maji na umeme.

Ugumu wake ni kuisimamisha oksijeni njiani. Molekuli yake ikipokea elektroni nne huwa maji, ikipokea mbili huwa peroksaidi, na kwa hesabu za nishati maji ndiyo yanayoshinda: volti 1.23 dhidi ya takriban 0.70. Kichocheo kinatakiwa kiishike OOH (oksijeni mbili na haidrojeni moja), hatua ya katikati, kwa kiasi. Kikiibana mno, kifungo cha oksijeni mbili hukatika, na kikiilegeza mno, mmenyuko hauanzi.

Platini tupu hukikata kifungo hicho kwa kuwa atomu zake zimesongamana, hivyo oksijeni zote mbili hupata pa kujishikiza. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark na wenzao walizitenga atomu hizo kwa kuzizungushia zebaki, wakafanya hadi asilimia 96 ya zao iwe peroksaidi badala ya maji. Jibu hilo lilitangulia kukokotolewa kwenye kompyuta, na kwa uzuri wa fikra sijaona linaloizidi kazi hiyo, ingawa (niseme wazi) singependa zebaki ikae karibu na maji ya kunywa.

Mimi naegemea kaboni. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba kaboni iliyooksidishwa kwa asidi ya nitriki hufikia takriban asilimia 90 katika myeyusho wa besi; tatizo ni kwamba peroksaidi yenyewe huoza haraka humo.

Asilimia hizo, hata hivyo, mara nyingi hupimwa kwenye elektrodi inayozunguka, ambako zao hufagiliwa mara tu linapozaliwa. Katika seli halisi, yaani chombo ambamo umeme huendesha mmenyuko, zao hilo hubaki karibu na kichocheo na kupokea elektroni nyingine mbili, likaishia kuwa maji. Kwa hiyo nisomapo makala mpya hutazama kwanza ukolezi uliopatikana na saa ambazo seli ilifanya kazi. Kwa kipimo hicho, seli iliyotangazwa mwaka 2019 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ambamo maji safi hupita katika elektroliti mango (kitu kigumu kinachopitisha ayoni) na kuondoka na peroksaidi ya hadi asilimia 20 kwa uzito, isiyo na chumvi ndani yake, ilinishawishi kuliko vichocheo vingi vyenye asilimia za kupendeza.