Dola 20 kwa kiboksi cha saladi ya kuku, na korosho zenyewe za kwetu

Jamani ngoja nitoe ya moyoni kabla sijalala, maana kesho zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na hili jambo bado linanikereketa. Leo mchana nimenunua saladi ya kuku. Kiboksi chenyewe cha plastiki, ukiweka kiganja juu kinafunikwa chote. Ndani kuku wa baridi aliyechambuliwa, zabibu zimekatwa nusu nusu, vipande vya embe, korosho za kuhesabika, giligilani kidogo juu. Bei imeandikwa dola 15 na senti 95, nikasema haya, njaa haina ubishi. Kufika kaunta kuna kodi, hapa Houston, Marekani, asilimia 8.25, hiyo nimeshaizoea. Halafu yule binti ananigeuzia kitableti, eti kitaniuliza swali moja. Swali lenyewe bakshishi: asilimia 18, 20 au 25? Bakshishi ya nini sasa, wakati kiboksi nimekitoa mwenyewe kwenye friji nikamletea? Nyuma yangu foleni, watu wananiangalia, nikabonyeza 18. Ikavuka dola 20. Kwa hela hiyo pale kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, mnajua wenyewe, jogoo wa kienyeji unaondoka naye akiwa anapiga kelele, mchele juu, na ya bodaboda inabaki.

Nikampigia mama nimlalamikie. Namwambia mama, nimekula kuku wa baridi kachanganywa na zabibu na mayonizi. Kimya. Halafu ananiuliza, "Mwanangu, huko nako umeme umekatika?"

Kwa mama yangu kuku wa baridi ni kiporo, na kiporo kinapashwa moto, hakuna mjadala. Hawa wenzetu wanapika kuku, wanampoza makusudi, wanamtia matunda, na wana zaidi ya miaka mia wanafanya hivyo. Ile saladi maarufu ya Waldorf ilitokea kwenye hoteli moja ya New York miaka ya 1890, mwanzoni ilikuwa tufaha, seleri na mayonizi tu, zile kokwa za walnut zimeingia baadaye. Huku kusini mwa Marekani saladi ya kuku ni chakula cha heshima kabisa, utaikuta kanisani baada ya mazishi, utaikuta kwenye sherehe ya mama mjamzito, kila familia ina yake na kila mtu anaapa ya bibi yake ndiyo yenyewe.

Na niseme ukweli, ni tamu. Hapo ndipo hasira inapozidi, maana ingekuwa mbaya ningeitupa nikasahau.

Sasa wale mnaoniuliza inbox maisha ya huku yakoje, mnapiga hesabu ya dola kwa saa mnazidisha kwa elfu mbili na mia tano mnaona nimetajirika, naomba mzidishe na hicho kiboksi. Mshahara wa kuhudumia wazee sio mbaya, ila ukila nje kila siku ya kazi mwisho wa mwezi umekula nusu ya kodi ya chumba. Kabla ya viza jifunzeni kupika, na wanaume mnisikie vizuri, huku hakuna dada wa kazi wala mama ntilie wa kumkopa mpaka Ijumaa. Chakula cha mchana ni nusu saa, ukitoka nje kufuata chakula imeisha kwenye taa za barabarani.

Kwa hiyo jioni nimeingia dukani kununua vitu, nikaenda nyumbani kutengeneza yangu. Kuku wa kuokwa mzima pale Costco, duka kubwa la jumla, ni dola 4 na senti 99, bei hiyo wameing'ang'ania miaka na miaka, ni ajabu ya nchi hii kwamba kuku mzima aliyeiva ni bei rahisi kuliko kiboksi cha vipande vyake. Nimemchambua akiwa vuguvugu kwa vidole, mifupa nimeweka sufuriani ya supu, ngozi nimekula palepale nimesimama. Wenyewe wanapenda kidari tu, cheupe. Mimi nachanganya na paja, kidari peke yake kinakauka mdomoni. Nyama nikaiacha kwenye friji mpaka ikapoa kabisa ndipo nikaanza kuchanganya, kwa sababu ukitia mayonizi kwenye nyama ya moto inayeyuka na kuachia mafuta.

Mchuzi wake wa kuchanganyia: mayonizi nusu, mtindi mzito nusu, ndimu moja, chumvi, pilipili manga, na pilipili mbuzi imekatwa vidogo sana, hiyo ya mwisho hutaikuta kwenye maboksi yao. Zabibu zisizo na mbegu unaosha, unakausha kwa kitambaa, ndipo unakata, la sivyo saladi inatoa maji. Embe iwe imeiva lakini bado inashikika, huku zinakuja za Meksiko zile ndogo za njano, sio dodo lakini tutafanyaje. Majani mimi naweka giligilani nyingi na nanaa kidogo, Wamarekani wengi wanapenda taragoni, inakaribia harufu ya shamari, kwangu hapana. Seleri ni lazima kwa ajili ya kule kutafuna. Korosho zinaingia mwisho kabisa, zikilala kwenye mayonizi usiku mzima zinalegea, kwa hiyo mimi nazibeba pembeni kwenye kikopo namwagia wakati wa kula.

Na hapa kwenye korosho ndipo nilipokaa chini.

Paketi nimeigeuza nyuma kusoma, imeandikwa zimetoka Vietnam. Mimi ni mtoto wa Masasi. Nimekulia chini ya mikorosho, mabibo yameniharibia sare za shule, kochoko, yaani mabibo makavu, nimetafuna msimu mzima. Najua korosho inavyobanguliwa, unazimwaga kwenye kipande cha bati kilichotobolewa juu ya moto, zinaanza kutokwa mafuta, bati zima linashika moto na moshi mweusi mzito unaokaba koo, mnamwaga zote mchangani, mnafunika kwa mchanga, kisha mnakaa kugonga moja moja kwa jiwe bila kuiumiza ya ndani. Yale mafuta ya ganda yanababua ngozi. Bibi yangu vidole vilikuwa na madoa meusi mpaka anaingia kaburini. Sasa sehemu kubwa ya korosho zetu inaondoka ghafi, na maganda yake, inapakiwa kwenye meli kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko, zinafungwa, zinavuka tena bahari ndipo mimi nazinunua Houston dola 9 kwa ratili moja, ambayo hata nusu kilo haifiki! Viwanda vilijengwa kwetu miaka ya 70, tulivikuta vingine vimegeuzwa maghala. Mwaka 2018 mnakumbuka, wanunuzi walileta bei za ajabu, wakulima wakagoma, Magufuli akatuma jeshi likasombe korosho, serikali ikasema inanunua kwa 3,300 kwa kilo. Mimi nilikuwa tayari huku, nakumbuka mjomba ananipigia kuuliza kama nimesikia hela zinatoka lini, kana kwamba mimi ndiye naishi jirani na benki.

Kwa hiyo mnisamehe, nilipoona zile korosho tano juu ya kiboksi cha dola 20 damu ilichemka, sio kodi wala bakshishi tu.

Ila nisiwe mchoyo wa shukrani. Kazini nina mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa Texas, mcheshi sana. Jioni hii namsimulia kwa simu habari za kiboksi akacheka mpaka akakohoa, akaniambia usinunue ujinga huo, njoo nyumbani. Nimepita kwake, amenipa mfuko wa pikani, kokwa za mtini za huku, alizookota uani kwake. Pikani ndio mti rasmi wa jimbo hili tangu 1919, hapa mitaani zinaanguka mpaka magari yanazikanyaga. Amezibangua mwenyewe kwa koleo akiangalia televisheni, hakutaka hata senti. Anasema saladi ya mama yake ilikuwa pikani, zabibu na seleri, embe kwake ni mambo ya wageni. Nikamwachia bakuli dogo la kwangu aonje, saa nzima haikupita kanitumia meseji: hii pilipili umeitoa wapi?

Na hao hao kazini, sio yeye, wengine, ndio waliowahi kubandika karatasi kwenye maikrowevu kwamba samaki hawaruhusiwi baada ya dagaa wangu. Kila mtu alijua inamhusu nani. Mara ya mwisho nilipopeleka bakuli la saladi hii kwenye siku ya kuzaliwa ya mmoja wetu, waliobandika karatasi ndio waliopakua mara mbili. Sikusema kitu, ila nilihesabu kwa macho.

Mkipeleka chakula kazini huku andikeni juu ya bakuli kina nini, hasa karanga na korosho. Nyumbani hatuna mazoea hayo, lakini kuna binti kwenye zamu yangu anatembea na sindano ya mzio kwenye pochi, korosho moja inatosha kumziba koo. Nikaweka zangu kwenye sahani ya mbali na kijiko chake. Na mayonizi msiyachezee, yakae kwenye friji, saladi ikiwa mezani isizidi muda wa saa mbili, na kwenye joto la nje la Houston lile la kiangazi ni muda wa saa moja tu, tunawahudumia wazee na nimeona mtu alivyolazwa kwa chakula cha pikiniki. Ukiifunika vizuri kwenye friji inakaa siku tatu hadi nne.

Sasa wameanza kunisukuma niuze, mmoja anataka ya sherehe ya binti yake. Dada zangu mnaopenda biashara, sikilizeni kabla hamjachapisha vipeperushi. Texas inaruhusu kuuza vitu ulivyopika jikoni kwako, keki, maandazi, visheti, mradi uwe na cheti cha usalama wa chakula na lebo, lakini kuku na nyama hapana. Ukitaka kuuza saladi ya kuku ni jiko lenye leseni na wakaguzi wake, na hela hiyo sina. Karanga na korosho za kukaanga hizo zinaruhusiwa.

Ndio maana naandika usiku huu. Mwenye ndugu anayekuja Houston mwezi wa kumi na mbili aniandikie, nahitaji kilo tano za korosho kutoka kwa mama mmoja Masasi anayebangua vizuri, nalipia na mzigo. Ziwe zimekaangwa kabisa, sio mbichi, na uwanja wa ndege azitaje kwa watu wa forodha, asifiche.