Fullmetal Alchemist: chanzo kimoja, miisho miwili

Mtu akiniuliza aanze na anime ipi, yaani katuni ya Kijapani, humtajia Fullmetal Alchemist, na papo hapo hulazimika kumuuliza anaitaka ipi, kwa kuwa ziko mbili: ya mwaka 2003 yenye vipindi 51, na ya mwaka 2009, iitwayo Brotherhood, yenye vipindi 64. Zote zilitengenezwa na studio ya Bones kutokana na manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Hiromu Arakawa, na zote zinajengwa juu ya msiba ule ule. Edward na Alphonse Elric, watoto waliofiwa na mama yao, wanajaribu kumfufua kwa alkemia, ambayo katika hadithi hii ni elimu ya kugeuza kitu kuwa kingine. Alphonse anapoteza mwili mzima, Edward anapoteza mguu, kisha anatoa na mkono ili roho ya mdogo wake ipate kufungwa ndani ya deraya tupu.

Kilichozitenganisha ni kalenda. Manga hiyo ilianza mwaka 2001 katika jarida la Shonen Gangan, linalotoka mara moja kwa mwezi, ilhali kipindi cha televisheni hurushwa kila wiki, kwa hiyo mfuasi alikuwa hana budi kumpita aliyemtangulia. Wengine wakifika hapo hupunguza mwendo, au hujazia, kama ilivyokuwa kwa Naruto, anime nyingine, ambayo kabla ya kumalizika mwaka 2007 ilipitisha zaidi ya vipindi 80 mfululizo visivyomo kabisa katika manga (mimi niliviruka karibu vyote, wala sijutii). Waandishi wa Fullmetal Alchemist ya 2003 waliamua kutunga njia yao wenyewe hadi mwisho. Brotherhood, kwa upande wake, ilikwenda sambamba na manga ikiwa ukingoni: sura ya mwisho ilichapishwa Juni 2010, na kipindi cha mwisho kikarushwa Julai.

Asiyependa kuharibiwa utamu aishie hapa.

Tofauti inaonekana mapema, katika kisa cha Nina, mtoto ambaye baba yake, mwanaalkemia Shou Tucker, anamgeuza pamoja na mbwa wake kuwa mnyama mmoja anayeweza kusema. Katika Brotherhood kisa chote kinakwisha ndani ya kipindi cha nne: ndugu hao wanakuja kusoma maktabani kwa Tucker, wanacheza na mtoto uani, na siku chache baadaye mnyama yule anamtamka Edward jina lake kwa sauti nzito inayokwama, kisha anamwita kaka. Katika ile ya 2003 wanaishi katika nyumba hiyo wakijiandaa na mtihani wa kuwa mwanaalkemia wa serikali, na mtazamaji anapewa muda wa kumzoea mtoto kabla ya kunyang'anywa. Ndivyo ilivyo pia kwa Maes Hughes, askari asiyechoka kuwaonyesha watu picha za binti yake: Brotherhood inamuua katika kipindi cha 10, wakati ile ya kwanza inamwacha hai hadi cha 25. Nilipotazama Brotherhood nilisikitika. Kwa ile ya 2003 nilizima runinga na sikuendelea siku hiyo.

Lakini pale panaponifanya niitetee ile ya kwanza ni katika homunkulusi, viumbe wanaofanana na watu na kubeba majina ya dhambi. Katika manga na Brotherhood wametolewa na adui mmoja aliyejivua tamaa zake. Ni wazo zuri, na linaifanya hadithi ifungamane vizuri kuelekea pambano la mwisho. Katika ile ya 2003 kila homunkulusi anatokana na mtu aliyejaribu kumrudisha marehemu wake akashindwa. Kwa hiyo kosa la Edward na Alphonse linarudi likitembea kwa miguu yake: homunkulusi aitwaye Sloth (Uvivu) ana sura ya mama yao, na Edward ndiye anayelazimika kuugeuza mwili wa Sloth, ulio wa maji, uwe kimiminika kinachopotelea hewani, Alphonse akiwa hataki.

Siwezi kuutetea mwisho wake kwa nguvu hizo hizo. Kumtupa Edward katika Ujerumani ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika dunia yetu isiyo na alkemia, ni uamuzi uliokuja kwa haraka mno, na hapo Brotherhood inashinda bila ubishi. Hata hivyo, anayeniuliza humshauri aanze na ya 2003, kwa sababu Brotherhood inapita mbio katika vipindi vyake vya mwanzo kana kwamba mtazamaji amekwisha kuwalilia Nina na Hughes.