Nyuzi za mwanga, Chemka

Jumapili nilirudi tena Chemka, chemchemi ya huku Kilimanjaro. Nikashuka Boma Ng'ombe, nikachukua bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Jina la mahali linadanganya wageni: maji hayachemki, ni vuguvugu tu, ila ni maangavu hadi unahesabu kokoto za chini.

Nilikuwa na deni huko. Mwezi uliopita nilichora vijana wawili wakiogelea, na zile nyuzi za mwanga zinazocheza mgongoni nikazipiga nyeupe tupu, moja kwa moja kutoka kwenye tyubu. Mpwa wangu akaitazama turubai, akauliza, "Mjomba, hawa wamenaswa na nyavu?" Ningemjibu nini?

Kosa nalijua lilikotoka. Mwingereza David Hockney alitandaza nyuzi nyeupe juu ya bwawa katika mchoro wake wa 1972, ule uliouzwa zaidi ya dola milioni 90 mwaka 2018. Kwake zimekaa. Lakini muogeleaji wake ni mzungu. Mimi nikaiga kichwa kichwa.

Safari hii sikufungua rangi. Nilikaa kwenye mzizi wa mkuyu kuanzia saa nne mpaka jua likafika utosini. Kila kiwimbi ni lenzi: kinakusanya mwanga hapa, kinaacha giza pale, ndiyo maana nyuzi hazitulii. Na zikimfikia mtu hazinyooki. Zinapanda bega, zinazama kwenye bonde la mgongo, zinaibukia ubavuni. Mimi nilizivuta kama kamba za kuanikia nguo!

Halafu rangi yenyewe. Kijana akizama, kahawia ya ngozi inavutwa kwenye kijani, na uzi wa mwanga juu yake unakuwa kama shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Nyeupe niliiona mahali pamoja tu: kwenye bega lililochomoza, limeloa, linaakisi anga.

Rangi ya akriliki ikishakauka haikwanguliki. Niliporudi nyumbani nikaipiga msasa turubai ile, kisha nikapitisha kahawia iliyozimuliwa, tabaka juu ya tabaka, nikibakiza mwanga utoke chini badala ya kuupaka juu. Mgongo wa kijana wa kwanza sasa umelowa kweli.

Wa pili ananisumbua mguu. Maji yameufupisha, unaonekana kama umekatwa gotini ukaungwa vibaya. Ndivyo nilivyouona, na nimeuacha hivyo. Nasubiri mpwa wangu arudi kutoka shule.