Rufaa Isiyo na Mwenyewe

Jirani yangu mmoja hapa Kayole, Nairobi, mzee aliyekuwa dereva katika idara ya serikali kwa miaka 30, alishinda kesi dhidi ya mwajiri wake zamani kidogo, na hadi leo bado hupanda matatu kwenda mahakama za Milimani akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Dai lake ni dogo: alipandishwa daraja muda mfupi kabla ya kustaafu, lakini malipo yake ya uzeeni yakakokotolewa kwa mshahara wa daraja la zamani. Kwa watumishi walio chini ya Sheria ya Pensheni, mshahara wa mwisho wa mwaka huzidishwa kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanywa kwa 480; kwa hiyo kosa katika mshahara huo humfuata mstaafu hadi kaburini.

Idara ilishindwa, ikakata rufaa. Nilipomuuliza rufaa hiyo inapinga nini hasa, alicheka: "Mwanangu, hata wakili wao hakujua. Aliomba muda akapate maagizo."

Sidhani kuna mtu ofisini anayemchukia mzee huyu. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba anayeidhinisha malipo anaweza kuhojiwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, au na wabunge wa kamati ya uhasibu, ilhali anayekata rufaa haulizwi na yeyote, hata pale ada za mawakili na riba vinapolimbikizwa kwa mlipa kodi. Rufaa imekuwa mwavuli wa afisa.

Hata rufaa ikitupwa, safari haijaisha. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinakataza mali ya serikali kukamatwa ili kulipa deni, jambo ambalo lina busara yake, kwani nani angetaka ambulensi ipigwe mnada? Lakini matokeo yake ni kwamba mshindi hupewa hati ya amri, yaani cheti cha mahakama kinachoonyesha kiasi anachodai, na asipolipwa hulazimika kurudi mahakamani kuomba afisa mhasibu wa wizara, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha zake, ashurutishwe kulipa, na huyo akikaidi, aombe tena aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 wanaijua njia hii: walishinda katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008 kuhusu nyongeza ya mishahara iliyokubaliwa 1997, na wengi wao wamezikwa bila kuona fedha hizo.

Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanisho, na upatanishi chini ya mahakama ulianza kujaribiwa hapa Milimani mwaka 2016. Hata hivyo, mpatanishi hana la kufanya ikiwa mwakilishi wa serikali amekuja bila mamlaka ya kutia sahihi. Ningependa kila rufaa dhidi ya mfanyakazi au mstaafu itanguliwe na ukurasa mmoja, wenye jina na sahihi ya afisa, unaoeleza hoja ya kisheria inayobishaniwa, kiasi cha fedha, na riba inayoongezeka kila mwezi. Na hoja ikishaamuliwa kwa mmoja, wenzake waliokosewa hesabu vivyo hivyo warekebishiwe bila kila mmoja kutafuta wakili.

Kesi ya mzee itarudi mahakamani wiki ijayo. Itatajwa tu ili ipangiwe hatua inayofuata, haitasikizwa.